Nafasi ya Sifuri

Kabla yangu hakuna mtu wa Nambilanje aliyewahi kuandika programu ya kompyuta ikafanya kazi. Nalisema bila aibu, kwa sababu hakuna aliyenibeba. Nauli ya kwenda Dar es Salaam niliipata kwa kubangua korosho za watu. Mchana nilisukuma mkokoteni, jioni nikasomea stashahada, na lugha ya skripti nilijifunza kwenye kurasa za vitabu zilizoharibika kwenye mashine ya kutoa kopi, zikatupwa nyuma ya steshenari niliyokuwa nafagia. Niliporudi kusini walinicheka. Wenzako wanarudi na gari, walisema, wewe umerudi na kompyuta iliyopasuka kioo. Leo hao hao wanapanga foleni dukani kwangu Nachingwea kupiga picha za pasipoti, na cheti changu kinawatazama kutoka ukutani.

Nitaeleza kazi yangu kwa maneno mepesi, maana bila hayo mambo ya mpwa wangu hayataeleweka.

Programu huweka vitu kwa namna mbili kubwa. Ya kwanza ni safu. Safu ni kama ndoo zilizopangwa bombani: kila ndoo inajulikana kwa mahali ilipokaa. Tofauti ni kwamba mashine huanza kuhesabu na sifuri. Ndoo ya mbele kabisa iko nafasi ya sifuri, inayofuata iko nafasi ya moja. Anayeanza kuhesabu na moja, kama tufanyavyo sote, anairuka ya kwanza bila kujua.

Ya pili ni heshi, na hiyo niliipenda tangu siku ya kwanza. Heshi haina foleni. Kila kitu kimefungwa kwenye jina lake, na jina hilo tunaliita ufunguo. Chukua ghala la korosho: unasimama mlangoni, unataja jina la mwenye mzigo, na gunia lake linakuja lenyewe, hata kama ghala limejaa hadi darini. Lakini ina hatari yake. Ukitaja ufunguo usiokuwepo, mashine haipigi kelele. Inakujibu tupu, na tupu kwenye kioo inafanana na hakuna. Na kuna baya zaidi. Ukiuliza kizembe kitu kilicho ndani ya kitu, mathalani mzio wa fulani, na huyo fulani hayupo, lugha ninayoitumia itamjengea fulani chumba ili imtafutie mzio ndani yake. Haitaona kitu. Lakini chumba kitabaki kimesimama. Kesho ukiuliza kama fulani yupo, itakujibu yupo.

Wengi wenye digrii hawalijui hilo. Mimi nililijua.

Zahanati moja ya mtu binafsi hapa Nachingwea ilinichukua nitunze mashine zao. Mfumo wa wagonjwa alikuwa ameutengeneza mtaalamu kutoka Dar, na watu wake ndio waliohamisha kadi za zamani za wagonjwa kuziingiza humo. Kazi yangu, kwa maneno ya mwenye zahanati, ilikuwa kuwasha na kuzima. Lakini mimi siwezi kukaa na programu bila kuisoma. Niliisoma mstari kwa mstari, na nikaona kwamba heshi ya wagonjwa wote, ufunguo wake ni jina la mtu.

Nilimfuata mwenye zahanati siku hiyo hiyo.

"Mzee, huu mfumo haufai huku kwetu."

"Haufai vipi, fundi? Dar wanautumia."

"Dar mtu anazaliwa na jina anakufa nalo. Huku mtu ana majina mawili. La utoto linaishia jandoni, au kwenye unyago. Akitoka humo ana jina lingine. Kadi yake ya utoto iko kwenye ufunguo mmoja, yeye mwenyewe anakuja na mwingine."

"Basi waulize jina la utoto."

Alicheka, kwa kuwa yeye naye ni mtu wa huku na alijua anachosema. Jina la utoto haliulizwi. Kumwita mtu mzima kwa jina hilo ni kumwambia hajawahi kutahiriwa, hajafundwa, bado ni wa kufutwa makamasi. Watu wamepigana vilabuni kwa neno hilo moja.

Hata hivyo nilijaribu. Nilisimama mapokezi na mzee mmoja wa Kiegei, mwenye kanzu na kikohozi cha salfa, maana ulikuwa msimu wa kupuliza mikorosho na nusu ya wagonjwa walikuwa wakikohoa vumbi lile la njano. Nilimwinamia nikamuuliza polepole kabla ya jando alikuwa anaitwa nani.

Alinitazama toka viatu hadi kichwa. "Na mama yako, kabla hajachezwa, alikuwa anaitwa nani? Anza na yeye. Ukishamwandika, njoo kwangu."

Foleni nzima iliangua kicheko. Nesi wa mapokezi alijifunika uso na faili. "Fundi, utakuja kulimwa bakora humu ndani, na dawa ya mgongo imekwisha."

"Mimi siyo fundi," nilimwambia. "Mimi ni mtaalamu wa mifumo."

"Haya, mtaalamu. Mgongo ni ule ule."

Nilipendekeza basi kila mgonjwa apewe namba, namba ndiyo iwe ufunguo, na majina yake yote yakae ndani kama safu. Ingekuwa kazi ya wiki moja. Mwenye zahanati alisema tumsubiri mtaalamu. Mtaalamu hakuwa akipokea simu.

Sasa mpwa wangu.

Alikuwa mtoto wa dada yangu, na dada yangu ni marehemu. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye mkubwa wake. Kabla yake dada alikwisha kuzika wawili wachanga, na huyu wa tatu alipotoka, mama yangu alimpa jina baya makusudi, jina la kitu kinachofagiwa asubuhi na kutupwa nyuma ya nyumba, ili kifo kikipita kimwone ni taka na kiendelee na safari zake. Silitaji hapa. Mtoto akaishi. Alipofikia umri wa jando mimi ndiye niliyegharimia yote, mchele, nguo na ngoma, na watu wa Nambilanje bado wanaisimulia siku ile. Jina la ukubwa nilimchagulia mimi, jina la mjomba wangu mwenyewe, mtu mzito. La utoto likabaki porini pamoja na nguo zake za zamani.

Akakua mrefu, mwepesi. Akaenda Namungo kwenye mashimo ya dhahabu, lakini umaarufu wake haukutoka shimoni, ulitoka uwanjani. Alikuwa winga wa kushoto wa timu ya wachimbaji. Akishika mpira pembeni kule, akina mama wauza maandazi walisimama.

Jiwe liliteleza shimoni likamsaga mguu, huo huo wa kushoto. Alijificha nao kambini, akiufunga kitambaa na kuuosha maji ya chumvi, akitaraji upone kabla ya mechi. Haukupona. Ulipoanza kunuka, wenzake wawili walimpakia kwenye pikipiki, mmoja akiendesha, mwingine akimshikilia nyuma. Walipita Ruangwa mjini, ambako kuna madaktari, na ambako saa ile ile mimi nilikuwa chini ya meza ya mteja nikitengeneza printa. Hawakusimama. Mpwa wangu aliwaambia, "Nipelekeni Nachingwea kwa mjomba. Kule mjomba ndiye anayeendesha zahanati." Kwetu walizoea kusema hivyo.

Walifika alasiri. Nesi aliandika jina la ukubwa kwenye mfumo, akauliza mzio. Mashine ikajibu tupu. Walimsafisha kidonda, wakampa vidonge, wakamlaza kwenye benchi refu la mapokezi. Mimi nilifika asubuhi, na harufu niliikuta barazani kabla sijamwona mgonjwa.

Daktari alikuwa tayari anavuta dawa kwenye bomba la sindano. Tunamwita daktari ingawa ni tabibu tu, hajafika udaktari, na ni mtu mwangalifu, hilo siwezi kumnyima.

"Unamchoma nini?" niliuliza. Akaitaja. "Umeangalia mzio?"

"Tumeangalia. Yupo kwenye mfumo, mzio hana."

"Yupo tangu lini?"

Nesi alijibu yeye. "Jana niliandika jina likawa halipo. Leo nimeandika, lipo."

"Ulimsajili?"

"Sijamsajili. Lipo tu."

"Hiyo siyo rekodi ya mgonjwa," nilisema. "Hilo ni swali lako la jana. Umeuliza, mashine ikajenga chumba, chumba hakina kitu. Tupu hiyo haina maana kwamba mzio hana."

Daktari hakushusha sindano. "Fundi, mguu unaoza. Siwezi kusubiri hadithi za kompyuta. Una ushahidi kwamba dawa hii inamdhuru?"

Ushahidi niliokuwa nao ulikuwa sauti ya marehemu dada yangu kwenye simu, miaka mingi nyuma, mimi nikiwa Dar kwenye kelele za mikokoteni. Mtoto kachomwa sindano kwenye zahanati hiyo hiyo ya Nachingwea, alisema, uso umegeuka, macho hayaonekani. Mama yangu siku zote alisema lilikuwa jicho la jirani. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo, na daktari hatibu kwa maneno ya simu.

"Nipe kiti," nilimwambia nesi.

Kioo cha kompyuta ya mapokezi kinaelekea kaunta, na wale wachimbaji wawili waliomleta mpwa wangu walikuwa wameegemea kaunta hiyo hiyo. Mpwa wangu alikuwa kwenye benchi lake ng'ambo yao, macho mekundu kwa homa. Niliandika jina la utoto haraka, nikakiziba kioo kwa bega. Lakini nesi ana mazoea yake, na ni mazoea mazuri: hafungui faili la mtu bila kusoma jina kwa sauti na kuuliza ndiye huyu. Aliinama juu ya bega langu, akalisoma jina lote, kwa sauti ile anayoitia wagonjwa hadi barazani.

"Ndiye huyu?"

Mmoja wa wale wachimbaji alicheka kabla hajajizuia. "Eti nani?"

Mwenzake akamgonga kiwiko, lakini naye mabega yalikuwa yanatikisika. Niligeuka. Mpwa wangu alikuwa ananitazama. Homa haikuwa imemzuia kusikia.

"Mjomba," alisema.

Rekodi ilikuwepo. Ilikuwa fupi, kwa herufi nyekundu. Mtoto wa miaka mitatu, uso umevimba, pumzi imebana baada ya sindano, asipewe tena. Na jina la dawa ni lile lile. Daktari aliisoma mara moja, akarudi, akaimwaga dawa kwenye chombo cha taka.

"Sawa," alisema. "Ila hapa sina nyingine ya kuuweza mguu huu."

Basi ikawa safari. Gari la wagonjwa halikuwepo, tukakodi kirikuu kilichokuwa kinashusha magunia ya ufuta sokoni. Tulimlaza juu ya godoro na mimi nikakaa naye nyuma, nimeushika mguu usirukeruke kwenye mashimo ya barabara. Hakulia. Alitazama angani na kuuma kola ya shati. Tulipofika hospitali kubwa jua lilikuwa limepinda, na daktari wa pale aliufunua mguu, akaufunika tena, akaniuliza kama mimi ndiye wa kutia saini. Ndiyo, mimi ndiye. Mjomba ndiye anayetia saini. Waliukata juu ya goti.

Mama yangu alikuja siku iliyofuata, akiwa amekwisha kusikia kila kitu. Maneno hutoka Nachingwea yakafika Nambilanje kabla ya basi. Kiswahili chake ni cha sokoni, kwa hiyo alinisema kwa Kimwera, na nilitamani wodi nzima isiwe ya watu wa kwetu.

"Mtoto yule tulimzika," alisema. "Nani amemfukua?"

"Mama, jina lile ndilo limemwokoa. Wangemchoma."

"Jina lile lilimficha. Kifo kilipita kikaona taka. Jandoni tukamtoa kwa jina jingine, kifo hakikuwahi kujua kwamba taka ile na kijana huyu ni mtu mmoja. Sasa wewe na mashine yako mmeyaunganisha majina, mmeyasoma kwa sauti. Mmekionyesha."

Nilimweleza habari za mzio. Nilimweleza vizuri, kwa Kimwera, kama ninavyowaelezea wateja. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaenda kumgeuzia mjukuu wake mto.

Mpwa wangu mwenyewe alizungumza nami siku tuliyomtoa hospitali.

"Mjomba, ningechomwa asubuhi ile, mguu ungekuwepo."

"Ungekufa palepale kwenye benchi."

"Nani aliniona nikifa?"

"Imeandikwa kwenye rekodi."

"Imeandikwa kwa mtoto." Alikuwa anajifunza kusimamia magongo, jasho linamtoka. "Kwangu mimi palikuwa tupu. Mliniambia wenyewe. Kwa jina langu palikuwa tupu."

Sikuwa na la kumwonyesha. Ndiyo shida ya kuzuia jambo: likizuiwa halionekani. Mguu uliokatwa kila mtu anauona. Nilikuwa sahihi, nitakwenda kaburini nasema nilikuwa sahihi, na daktari yule mwangalifu atanishuhudia. Lakini hata yeye hakuna alichokiona zaidi ya maandishi mekundu.

Namungo walilipokea jina kwa furaha. Wale wawili hawakuwa watu wabaya, walisimulia tu, kama vijana wanavyosimulia. Alipokwenda na magongo yake kutazama timu, alisimama upande wa kushoto kwa mazoea. Mpira ukatoka nje, ukabingirika hadi kwenye gongo lake, na mtu mmoja kwenye umati akapaza sauti aurushe yeye, akamwita kwa jina lile la taka. Wengine wakalipokea. Hata akina mama wa maandazi walicheka, huku wanamwonea huruma. Mtu mzima aliyekatwa mguu bado ni mtu mzima. Mtu mzima anayeitwa vile na uwanja mzima amerudishwa porini na hakuna wa kumtoa.

Aliniletea habari hizo mwenyewe. Aliingia dukani mchana, hakukaa.

"Lifute."

"Nini?"

"Unajua. Kwenye mashine ya zahanati. Lifute, na nikuone ukilifuta."

"Nikilifuta, onyo litakwenda nalo."

"Hamisha onyo. Jina libaki nje."

"Halafu akija nesi mwingine na kadi yako ya zamani? Kliniki nyingine ikiuliza kwa jina lile?"

"Mjomba, mimi siyo programu yako."

Wakati huo mwenye zahanati alikuwa amenipa ruhusa yote niliyoiomba, baada ya yaliyotokea. Nilikuwa nimeuandika upya mfumo wote, peke yangu, na sijaona hadi leo kazi safi kama ile katika wilaya hizi mbili. Kila mgonjwa ana namba, namba ndiyo ufunguo. Ukiuliza asiyekuwepo, mashine inakuambia kwa maneno: huyu hatumjui. Haijengi chumba cha mtu yeyote. Na majina ya kila mtu ni safu. Jina la utoto, kwa anayelijua na kukubali kulitoa, liko nafasi ya sifuri. Mashine inapotafuta, inaanza na sifuri. Inapoandika kwenye kioo, inaanza na moja. Jina linafanya kazi yake, na hakuna nesi atakayelisoma kwa sauti tena.

Nilikwenda naye zahanati. Nilifungua rekodi yake mbele ya macho yake. Namba, jina la ukubwa, onyo kwa herufi nyekundu. Aliinama hadi pua ikakaribia kioo, akasoma kila mstari kwa kidole.

"Limefutika?"

"Unaliona?"

"Silioni."

Nikazima kioo. Aliniamini, nadhani. Au alichoka.

Kabla hajaondoka nilimwandikia jina la dawa ile kwenye karatasi ngumu, nikaipitisha kwenye mashine ya plastiki ya dukani ili isilowe, nikamwambia akae nayo mfukoni siku zote. Aliisoma, akaiweka juu ya kaunta, akaagana nami vizuri, kama mpwa anavyomuaga mjomba, kwa mikono miwili. Alikwenda kwenye machimbo mengine, mbali, upande ambao hawana habari za mpira wa Namungo. Nasikia anaosha mchanga wa dhahabu, amekaa, kazi isiyohitaji miguu. Simu yake haipatikani. Mama yangu haniulizi tena habari zake, na nikifika Nambilanje ananipa chakula bila kukaa nami.

Karatasi ile bado iko kwenye kaunta yangu. Wateja hudhani ni sampuli ya kazi ya plastiki.

Kuna siku duka likiwa halina mtu huwa napita zahanati nikaandika jina lake, lile nililomchagulia. Jibu linakuja pale pale, limejaa, halikosi kitu. Lakini mashine yangu iko Nachingwea. Huko aliko, siku homa itakapomwangusha asiweze kusema, wenzake watampakia kwenye pikipiki, na nesi wa huko ataliandika jina lile lile, na atajibiwa tupu.